Viwavi wa Mlimau wa Magokoro

Wewe mwanangu umeikuta Keumbu ikiwa na maduka ya ghorofa kandokando ya barabara ya kwenda Keroka, na mikaratusi imeziba vilima hata mtu haoni ng'ambo ya bonde. Mimi nakusimulia ya mwaka 1976, nikiwa darasa la tano, wakati boma la magokoro, yaani nyanya yangu, lilikuwa limezungukwa na miti ya kila namna ambayo hakuna aliyekaa chini akapanga iote wapi. Nyuma ya jiko palikuwa na mlimau mkongwe na michungwa miwili yenye machungwa machachu ya kukunja uso. Kando ya choo ulisimama mpera. Karibu na zizi palikuwa na omosocho, mti mpana ambao majani yake hugeuka rangi ya machungwa kabla ya kudondoka, na mpakani omotembe wenye miiba na maua mekundu, ambao wazee hawakuruhusu uguswe na panga ovyo kwa ajili ya mambo ya viapo. Kutoka hapo shamba liliteremka: migomba, kahawa, viazi vitamu, halafu pareto mpaka karibu na kijito, na kule kijitoni kilikuwa kimebaki kipande cha msitu ambacho hakijafyekwa. Ukiamka asubuhi ulinusa moshi wa kuni mbichi, pareto iliyoanikwa uani, na maganda ya kahawa yakichacha kule kiwandani, vyote kwa pamoja. Mchana jua lilichoma, na saa tisa mvua ilishuka, mara nyingi ikiwa ya mawe.

Miaka ile habari kubwa ilikuwa kahawa. Julai 1975 jalidi iliichoma mikahawa ya Brazil, bei ya dunia ikaanza kupanda, na kufikia 1977 ilikuwa imefika mahali ambapo hata wazee waliolima kahawa tangu ukoloni hawakuwahi kupaona. Na kwetu wapo waliolima tangu ukoloni, maana Gusii na Meru ni miongoni mwa sehemu za kwanza ambako Mwafrika wa Kenya aliruhusiwa kupanda zao hilo, katika miaka ya 1930, na Chifu Musa Nyandusi wa Nyaribari, babake Simeon Nyachae, alikuwa mmoja wa waliotangulia. Basi pesa zikaingia. Mabati yakachukua nafasi ya nyasi, redio zikasikika mpaka kwenye nyumba ambazo jana zilikuwa zinaazima chumvi, na karibu kila mwenye mikahawa akanunua au akaazima bomba la kubeba mgongoni la kupigia dawa. Harufu ya dawa ile ilikaa kwenye nguo hata zikifuliwa mara mbili. Ilipigwa kwenye kahawa, na iliyobaki chini ya bomba hakuna aliyeimwaga: aliipiga kwenye kabeji, kwenye mpera, kwenye chochote kilichoonyesha alama ya meno ya mdudu.

Ndivyo bwana shamba alivyofika kwetu siku moja na pikipiki yake, akaona majani machanga ya mlimau yameliwa mpaka kwenye mshipa wa kati, akasema mti huu upigwe dawa kesho. Magokoro alikuwa anapepeta wimbi. Hakuinua uso. Alimwuliza, "Na watoto wakikohoa nitawapa ndimu zenye dawa yako?" Yule bwana akacheka, akanywa chai, akaondoka. Magokoro akanigeukia mimi, akaniamuru niwaokote viwavi wote kwa mkono na kuwatupia kuku. Kuku waliwadonoa mara moja, wakatikisa vichwa, wakarudi kwenye wimbi.

Ngoja nikueleze jinsi alivyo kiwavi huyo, maana bado yupo na utamwona. Mama yake hutaga yai mojamoja juu ya jani changa, dogo, la mviringo, la njano iliyopauka. Kinachotoka humo ni kidudu cheusi-kahawia chenye baka jeupe mgongoni, na hukaa juu ya jani mchana kweupe bila kujificha, kwa sababu kila apitaye hudhani ni mavi ya ndege. Akikua huvua ngozi, tena na tena, akibaki vilevile na sura yake ya uchafu, mpaka akivua ya mwisho ndipo anageuka kijani kibichi, mnene, mwenye mikanda ya kahawia ubavuni na alama mbili mabegani ambazo ukiziona upesi utasema ni macho. Sasa mguse kidogo nyuma ya kichwa. Hapo hutoka pembe mbili laini zenye unyevu, za rangi ya chungwa, zilizoungana shinani, na pamoja nazo harufu ya maganda ya ndimu yaliyooza yakachanganyika na siki. Harufu hiyo iliganda vidoleni mwangu mpaka wakati wa ugali wa jioni, na kila aliyeketi karibu nami alisogea.

Mwalimu wetu wa sayansi alikuwa kijana, mrefu, mwenye mwanya, na shati jeupe la mikono mifupi lililopigwa pasi ya makaa mpaka mikunjo ikakata. Chaki zake alizihifadhi ndani ya kiberiti kitupu. Nilipompelekea kiwavi mmoja kwenye kiganja, hakumtazama. Aliniuliza kwanza, "Umemtoa kwenye mti gani?" Hivyo ndivyo alivyofanya na kila mtoto, mwaka mzima: hukutaja mti, hakufungua mkebe. Alitufundisha kwamba viwavi wengi wa vipepeo hula mmea wa aina moja tu, au jamii moja ya mimea, na kwamba huyu wa mlimau ukimwekea jani la mpera atakufa njaa akilitembelea. Kwa hiyo mwenye kujua mti amekwisha kujua nusu ya jina la mdudu. Nusu ya pili haipatikani kwa kukodoa macho, kwa sababu kiwavi mmoja hubadilika rangi mara kadhaa kabla ya kukomaa, na viwavi wa aina mbalimbali hufanana. Inapatikana kwa kumlisha na kumngoja aote mabawa. Mwalimu alikuwa na kitabu cha John Williams cha vipepeo vya Afrika, kilichotoka 1969, jalada lake limeshikizwa kwa gundi ya karatasi, na picha zake zilikuwa za mabawa. Ukitaka kitabu kikusemeshe, ulipaswa kumfikisha mdudu kwenye mabawa.

Nikanunua mkebe mtupu wa mafuta ya kupikia ya Kimbo sokoni kwa senti 20. Pesa hizo zilikuwa mandazi mawili, na kwa mtoto ambaye ada yake ya darasa la tano ilikuwa shilingi 60 kwa mwaka na ililipwa kwa mafungu, mandazi mawili yalikuwa jambo la kufikiriwa. Mama mwuza mikebe, mwenye kitambaa cha maua na jino moja la mbele lililooza, aliniuliza ninapima nini. Nikamwambia nafuga. Akanitazama sana. Kifuniko nilikitoboa kwa msumari, ndani nikaweka kijiti cha kupandia, na kila asubuhi kabla ya shule nikabadilisha majani na kumwaga mavi yake makavu.

Kiwavi akikaribia kugeuka huacha kula, akazungukazunguka kwa wasiwasi, akatoa uchafu wa majimaji, kisha akapanda kijiti. Hapo hujifunga mkia kwa nyuzi zake mwenyewe, akajipitishia uzi mwingine mgongoni, akaegemea nje huku kichwa kiko juu, jinsi fundi wa nyaya anavyoegemea mkanda wake kwenye mlingoti. Siku inayofuata ngozi hupasuka na kubaki pupa, kijani ikiwa amejifunga kwenye majani, kahawia ikiwa ni kwenye kijiti kikavu. Pale kwetu kwenye baridi ya vilimani alikaa hivyo majuma kadhaa. Alitoka asubuhi moja kabla jua halijafika uani, mabawa yamesinyaa na kulowa, akadondosha tone la majimaji mekundu-kahawia juu ya mkeka wa magokoro, akaanza kuyajaza mabawa yale polepole mpaka yakanyooka: meusi, yenye madoa mengi ya njano iliyopauka, na kwenye bawa la nyuma jicho la buluu na nyekundu. Mwalimu alifungua kitabu, akaweka kidole. Papilio demodocus, kipepeo wa michungwa, anayepatikana karibu Afrika yote kusini mwa Sahara. Magokoro alitazama picha, akamtazama mdudu, akasema kumbe ndiye yule anayekuja kwenye maua ya pareto.

Pupa ya pili haikutoa kipepeo. Iligeuka rangi ya chai, ikawa nyepesi, siku moja nikakuta tundu dogo ubavuni na ndani ya mkebe nyigu wengi wadogo mno wanatambaa kwenye kifuniko. Nilikuwa nimemlisha kiwavi yule tangu akiwa mavi ya ndege, na machozi yalinitoka. Mwalimu alifurahi kuliko siku ya kipepeo. Alitueleza kwamba mama nyigu hutaga ndani ya pupa ingali laini, na watoto wake huila kutoka ndani, na ndiyo maana mlimau wa magokoro umeishi miaka yote hiyo bila bomba lolote na bado unazaa. Akaongeza kwamba dawa inayopigwa kwa ajili ya kiwavi humwua nyigu naye. Sikumbuki kama kuna aliyeyasema hayo kwa sauti kwenye mkutano wowote wa wakulima wa kahawa mwaka ule. Nadhani yangesemwa mapema zaidi tungekuwa na wadudu wengi zaidi leo.

Mwaka 1977 mkebe haukutosha, tukawa watoto kadhaa wenye mikebe. Kwenye viazi vitamu vya mama tulikuta viwavi weusi-kijani wenye miiba laini yenye matawi, wanaoishi kwa kundi ndani ya majani waliyoyashona kwa utando. Hao ni watoto wa kipepeo mdogo wa rangi ya machungwa, Acraea acerata, na kwao hata mwalimu alikubali waokotwe na kuchomwa, maana wakizidi shamba zima hubaki vijiti, na viazi ndivyo tulivyokula mwezi wa Mei mahindi yakiwa bado mabichi. Mwingine tulimkuta njiani akivuka baada ya mvua, mkubwa kama kidole gumba, mweusi ti, na miiba myeupe iliyosimama kila upande. Tulimweka kwenye mkebe wenye udongo, akachimba akapotea. Huyo alikuwa nondo mkubwa aitwaye Bunaea alcinoe, na hapo tukajua kwamba si kila kiwavi wa kutisha hungojea juu ya kijiti.

Lakini niliyempenda mimi ni wa omosocho. Ukitazama juu ya jani lake pana huoni kitu, kwa kuwa ni kijani kilekile cha jani, amelala juu ya zulia la hariri alilolifuma mwenyewe. Akiinua kichwa ndipo unaona pembe nne zilizopangika kama taji. Hutoka kwake Charaxes candiope, kipepeo mnene, wa rangi ya dhahabu inayoishia kahawia, mwenye mishipa ya kijani inayoonekana kwenye bawa. Huyo hagusi maua. Hutafuta kilichochacha. Miaka hiyo magokoro alikuwa bado anapika pombe ya busaa kwa ajili ya wazee wa kazi ya pamoja, na machicha alipoyamwaga chini ya migomba, kwenye joto la saa sita, walishuka kutoka kwenye miti kwa mwendo wa risasi, wakakaa juu ya machicha wakinywa mpaka unaweza kuwakamata kwa vidole. Harufu ile ya machicha ya wimbi, chachu na tamu, nikiinusa popote hadi leo naona mabawa ya dhahabu.

Kisa kikubwa kilikuja Agosti 1978, wakati wa likizo. Nilikuwa darasa la saba, mtihani wa CPE wa kumaliza shule ya msingi uko mbele, na nilikuwa na pupa kadhaa kutoka tawi lilelile la mlimau, la upande wa kijitoni, viwavi wake wakiwa kijani safi zaidi na wenye alama chache. Asubuhi moja wakatoka wawili. Mmoja alikuwa wa rangi ya krimu iliyoiva, mpaka mweusi kwenye ukingo, na mikia miwili mirefu kwenye mabawa ya nyuma. Mwingine hakuwa na mkia kabisa, mabawa ya mviringo, meusi na meupe. Nikachukua mkebe nikakimbia sokoni ambako mwalimu alizoea kunywa chai. Nikakuta watu wamesimama mbele ya duka bila kununua kitu, redio imewekwa kwenye kaunta na Sauti ya Kenya inapiga nyimbo za huzuni. Mzee Kenyatta amefariki Mombasa. Nyuso nilizozizoea zikicheka zilikuwa zimefunga, na mzee mmoja aliyepigana vita vya Burma alikuwa amevua kofia na kuishika kifuani. Mwalimu alipokea mkebe wangu bila neno akauweka chini ya benchi. Ilikuwa jioni sana alipoufungua, tukiwa njiani kurudi, na akasimama palepale barabarani. Alinihoji mara tatu kama nina hakika ni tawi moja, mti mmoja.

Jibu tulilipata kwenye kitabu usiku ule kwa taa ya chemni, na nimelisoma tena na tena tangu hapo. Ni aina moja, Papilio dardanus. Yule mwenye mikia ni dume, yule mweusi na mweupe ni jike. Jike ameiga sura ya kipepeo mwingine, Amauris niavius, ambaye ni mchungu na ndege humwacha. Mahali pengine jike wa aina hiyohiyo huiga kipepeo wa rangi ya kahawia-machungwa, Danaus chrysippus, mchungu vilevile, na wako majike wa sura nyingine bado. Wazungu wa karne ya 18 na ya 19 waliwapa wote majina tofauti kwa kuwa waliletewa waliokufa, ndani ya masanduku, bila habari ya mti wala ndugu zao. Roland Trimen, aliyefanya kazi Cape Town, ndiye aliyeandika mwaka 1869 kwamba ni aina moja, na wengi wakakataa. Anayelea kutoka kwenye jani hakuwa na sababu ya kukataa. Mti wao wa asili ni jamii ya ndimu ya msituni, na bila shaka jike yule alitoka kwenye kile kipande cha msitu cha kijitoni akataga kwenye mlimau wa binadamu.

Tena kuna jambo nililolijua nikiwa mtu mzima, na ningetaka ulijue ungali kijana. Katika miaka ya 1950 daktari mmoja wa Liverpool, Cyril Clarke, pamoja na Philip Sheppard, waliwazalisha vipepeo hawahawa wa dardanus kutoka sehemu mbalimbali za Afrika ili kujua sura za majike hurithiwaje. Urithi wa vipepeo ndio uliowafikisha kwenye makundi ya damu ya binadamu, na miaka ya 1960 kundi lao la Liverpool likawa miongoni mwa waliotengeneza kinga ya ugonjwa wa Rhesus: sindano anayochomwa mama mwenye damu hasi ili mwili wake usiishambulie mimba inayofuata. Shangazi yako mdogo, aliyekuwa akinishikia kifuniko cha mkebe, ana damu hasi. Alichomwa sindano hiyo baada ya kifungua mimba wake, na binamu zako wawili waliomfuata unawajua.

Baadaye, 1991, Torben Larsen alitoa kitabu chake kikubwa cha vipepeo vya Kenya, aina 870 hivi, na humo anataja kwa kila mmoja mimea anayokula kiwavi, pale inapojulikana. Nilikikuta Nairobi. Bei yake ilinishinda, basi nikawa nakwenda kukisoma maktabani Jumamosi, nikinakili ya miti yetu kwenye daftari. Na kule Gede, karibu na msitu wa Arabuko-Sokoke, tangu 1993 wanakijiji wanalea viwavi kwa majani ya msituni na kuuza pupa ng'ambo kupitia mradi wa Kipepeo. Nilipowatembelea niliona mama mmoja akibadilisha majani asubuhi na kumwaga mavi makavu, vilevile kama sisi, isipokuwa yeye hulipwa, na kwa hiyo anautetea msitu.

Kwetu msitu wa kijitoni ulikwisha. Pamepandwa mikaratusi, ambayo inauzwa nguzo na inakausha chemchemi, na chini yake hakuna kiwavi wa kipepeo ninayemjua. Omotembe ulianguka wenyewe. Pareto haipo. Mlimau upo, umechipua kutoka kwenye kisiki, na vipepeo wa michungwa hawajauacha. Wale wa mikia sijawaona tena pale bomani, lakini Kisii mjini, kwenye miti iliyobaki kando ya mto, nimemwona dume mmoja akipita.

Ukitaka kuanza, chukua chombo chenye hewa, kisicho na maji ndani, maana kiwavi huzama upesi. Jani liwe la mti uleule uliomtoa, bichi, la leo. Wenye manyoya marefu usiwashike kwa mkono mtupu. Weka kijiti kirefu cha kutosha ili mabawa yakinyooka yasiguse chini, na siku ya kutoka usimsaidie hata kidogo. Picha unaweza kupiga kwa simu yako kila siku, jambo ambalo sisi hatukuwa nalo, na chini ya kila picha andika mti. Omosocho wa karibu na zizi bado umesimama. Matawi ya chini unaweza kuyafikia ukipanda ukuta wa mawe. Pindua majani taratibu wakati wa mvua za masika. Ukimwona mwenye pembe nne nipigie simu hata iwe usiku, nami nitapanda gari la kwanza la kutoka Nairobi.